Vipande vya Kioo Mfukoni

Inatangazwa kwa heshima na taadhima kwamba Jumamosi ile, katika ukumbi mkuu wa shule, ilioneshwa filamu ya kigeni ikifasiriwa papo kwa papo na bingwa wa lugha. Bingwa mwenyewe alikuwa kidato cha tatu, akiitwa Redio kwa sababu hakuna aliyewahi kuona kitufe cha kumzima, na lugha ya filamu hiyo hakuijua hata salamu yake. Alimwambia mwalimu wa fasihi kwamba shangazi yake aliishi huko miaka mingi. Shangazi huyo hakuwahi kuzaliwa.

Mablanketi yalitundikwa madirishani na mlangoni mchana kweupe ili kuleta giza. Mwalimu alitaka insha juu ya ishara na uamuzi wa kimaadili. Wanafunzi walitaka majini. Redio akapewa kipaza sauti.

Benchi la mwisho, sanduku la bati miguuni, alikaa Babu, mvulana aliyekunja shuka kama mstaafu na kulala kitanda cha chini ya kile cha Redio tangu kidato cha kwanza. Alikuwa amefukuzwa, anamsubiri baba yake. Wiki ile mtu alipaka sabuni ngazi za jukwaa ili mkuu wa shule ateleze. Mkuu hakupita. Akapita mpishi na sufuria lake, akavunjika nyonga. Chini ya ngazi kikaokotwa kipande cha sabuni kilichochongwa jina la Babu kwa kisu, kama kila mtu bwenini achongavyo yake isiibwe.

Aliyeiazima na kuipaka ni Redio. Alipanga kusema kesho yake, na kesho ikazaa kesho nyingine. Babu alikana mara moja tu. Baba yake alikuwa ameshaapa kwamba akifukuzwa, shule basi. Atakwenda kuponda mawe machimboni kwa ami yake.

Filamu ikaanza. Binti na mdogo wake walikuwa wakiikimbia nchi isiyo na mwezi, uzi mwekundu umewafunga mkono kwa mkono. Darajani wakakuta jitu la kutu. Redio akalikoromea kipaza sauti kwa niaba yake: nani kaniamsha kabla ya kengele? Watu hoi. Mwalimu akaandika kitu kuhusu uzi.

Kisha jitu likampekua yule mdogo, likatoa mfukoni vipande vya kioo cha mwezi. Kioo hicho alikivunja dada mtu. Watazamaji wote walikuwa wamemwona. Jitu likainua mkono. Binti akasema maneno machache, machozi yakimtiririka.

Ukumbi ulikuwa unamngoja Redio, na mzaha ukamtoka kabla hajafikiri.

"Mchukue huyo huyo, mzee. Ushahidi si umeupata mfukoni?"

Vicheko vikapasua paa. Lakini kwenye pazia la sinema binti alikuwa anaukata uzi kwa meno na kuingia mwenyewe kinywani mwa jitu. Vicheko vikafifia. Muuguzi wa shule, aliyesomea nchi ilikotoka filamu, akasimama na kuomba filamu isimamishwe.

"Mwanangu, hakusema hivyo."

Redio akaisingizia sauti ya filamu.

"Sauti ni nzuri. Utani wako nimeuacha tangu mwanzo, watoto wacheke. Hapa siuachi. Umemwona anaingia mwenyewe. Sasa niambie kasema nini."

Redio akatazama benchi la mwisho. Lilikuwa tupu. Blanketi la mlangoni bado lilikuwa linapepea, na nje mngurumo wa gari ulikuwa unafifia. Babu alikuwa ametoka katikati ya vicheko.

"Kasema mwache mdogo wangu," akajibu kwenye kipaza sauti. "Kasema ni mimi niliyekivunja. Na sabuni niliipaka mimi. Babu aliniazima tu, hakujua."

Mkuu wa shule akainuka kiti cha mbele, akatoka mbio kuelekea getini. Akarudi akitembea. Simu ya baba yake Babu, alisema, inaita inakatwa. Akamwambia Redio arudie alichosema. Redio akarudia, bila kipaza sauti, na ukumbi mzima ukasikia.