Gati la Wanawake Ishirini na Saba

Bi Fundo alikuwa kibarazani akishona wavu mhandisi aliposhuka kwenye boti na begi lake la vipimo. Jina hilo alipewa na wavuvi, kwa kuwa fundo alilolifunga yeye halikupata kufunguka. Kisiwa kilikuwa kidogo hasa, ukipiga chafya upande huu, upande wa pili wanakuombea afya. Lakini tangu alfajiri hapakuwa na mtu aliyekaa bure. Wanaume walikuwa wakishusha samaki, wanawake wakichambua na kuanika kwenye chanja, na ubishi wa mzanini, samaki walipopimwa, haukuwa ukiisha mpaka jua liwe kali.

Mhandisi akamwamkia, akaeleza kilichomleta. Ofisi yake ilitaka kulibomoa gati la mawe na kujenga jipya, na fomu ilidai jina la aliyejenga la zamani. Yeye alikuwa ameshaandika: hajulikani.

Bi Fundo akaweka sindano chini. "Hajulikani na nani, mwanangu?"

Bibi akajifunga kanga vizuri, akamwongoza hadi gatini, na njiani akamsimulia. Alikuwa bi harusi wa miezi mitatu dhoruba ilipopasua mashua tano pale ufukweni, ya mumewe ikiwemo. Wanawake ishirini na saba wakakubaliana wajenge gati. Waume zao wakacheka mpaka wakashika mbavu. Wao wakajikaza. Kila siku, wakishaanika samaki, kila mmoja alibeba mawe kumi kichwani kutoka kilimani; mwenye mimba, matano. Mwaka wa kwanza mawimbi yakazoa yote. Wakalia siku moja, kesho yake wakaanza upya, safari hii mawe makubwa wakiyatanguliza chini. Mwaka wa tatu wale waliocheka ndio waliosimama majini kupokea mawe, kimya kama maji mtungini.

Mhandisi alipima siku nzima. Alizama na kamba, akagonga mawe, akapima tena. Jioni akarudi kibarazani amelowa chapachapa, akakiri kwamba alikuja na uamuzi wake mfukoni. Mawe yale hayakuwa yamesogea hata upana wa kidole. Angependekeza lisibomolewe, gati jipya liungwe pale la zamani lilipoishia.

"Sasa nitajie fundi wake, bibi," akasema, kalamu mkononi.

"Kaa chini kwanza. Huo mstari mmoja hautoshi."

Akawataja mmoja mmoja, waliokufa na wenzake watatu waliobaki hai, pamoja na nani alikuwa na nguvu za punda na nani alikuwa mvivu ila mcheshi, akiwafanya wenzake wasahau uchovu. Mstari ukajaa, mhandisi akageuza karatasi. Watu waliokuwa wakitoka mzanini wakasimama kusikiliza, na kila alipotajwa mama au bibi wa mtu, mtu huyo alijinyoosha. Muuza barafu, jitu la miraba minne, akafuta macho akisingizia jasho. Majina yakaishia ishirini na sita. Bi Fundo alikuwa amejisahau mwenyewe, na mkwewe ndiye aliyemkumbusha.

Barua ya idhini ya kuliacha gati la zamani ilipofika, majina yote yalikuwa yamepigwa chapa na kuambatishwa. Bi Fundo akaomba asomewe mara mbili. Mara ya pili alisikiliza akiwa amesimama.