Miche Iliyoshiba

Shemeji yangu aliniibia maharage. Sisemi ya chungu, nasema ya mbegu: aina niliyoizalisha mwenyewe, nikichagua na kutupa, nikichagua tena na kutupa tena, mpaka nikapata mche unaojua kujitafutia kwenye udongo mchoyo. Maana upo udongo ambao fosforasi imo, tele, ila umeibana na hauachii. Maharage yangu yakiona njaa, mizizi inatema asidi, mbano unalegea, mmea unakula. Basi. Ujana wangu wote uliishia hapo.

Yeye amemwoa mdogo wangu, na kwenye kituo chetu cha utafiti ndiye mkuu wa idara. Siku moja naingia shambani nakuta kibao kipya mbele ya matuta yangu, jina lake limeandikwa kwa rangi nyekundu. Nikamuuliza. Akacheka.

"Shemeji bwana! Sisi si familia? Changu si ndicho chako?"

Nikaenda kumlilia mdogo wangu. Akanijibu, "Dada, usiniharibie nyumba yangu." Hilo lilinikata maini kuliko kibao.

Nikanyamaza. Watu wakasema nimekuwa mpole siku hizi. Mpole! Nilikuwa nalala na hasira, naamka nayo, naenda nayo kazini.

Ikaja habari ya wageni. Kampuni ya mbegu ilitaka kuyaona maharage kwa macho. Ikiridhika, itayapeleka kwa wakulima kwa jina la aliyeyazalisha. Yakishatoka kwa jina la shemeji, yametoka, mimi ningebaki kuusimulia ukuta. Akachagua trei moja ya miche, akaiweka peke yake bandani.

"Hii ndiyo ya wageni," akaniambia. "Nisaidie kuimwagilia, shemeji, mimi sina mkono wa maji."

Kweli hana. Ana mkono wa kufunga tai.

Bandani kuna mapipa mawili. Moja lina maji yenye virutubisho vyote. La pili limenyimwa fosforasi, nalo ndilo la miche inayotakiwa ionje njaa. Miche yake nikainywesha kwenye pipa la shibe, asubuhi na jioni, kwa mkono wangu mwenyewe, huku naimba. Trei nyingine ya maharage hayohayo nikaificha nyuma ya magunia ya mchanga, nikainywesha pipa la njaa.

Miche ya shemeji ikanawiri, majani mapana, kijani cha kutisha. Mche wenye njaa hauwi hivyo, hata mwanafunzi angeshtuka. Yeye akapita na tai yake.

"Umeona inavyopendeza?"

"Inapendeza mno, shemeji."

Siku ikafika. Mdogo wangu alikaa kiti cha mbele, kajipamba. Shemeji akang'oa miche, akaosha mizizi, akailaza juu ya jeli ya zambarau. Akawaeleza wageni kwamba asidi ikitoka, jeli itageuka njano kuzunguka mizizi. Waende wakanywe chai, warudi wajionee.

Wakarudi. Zambarau. Zambarau tupu, pembe hadi pembe.

Mama aliyeongoza wageni akavaa miwani, akainama, akaivua. "Njano iko wapi?"

"Inakuja," shemeji akasema. "Jeli... jeli leo ina baridi."

"Tuifunike blanketi?" mgeni mmoja akauliza, wenzake wakaangua kicheko.

Kijasho chembamba kikamtoka. Akanigeukia mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni na koti langu la kazi. "Shemeji, hebu waeleze kuna nini."

Loo, nilivyoingoja kauli hiyo!

"Muulizeni mwenye mbegu," nikasema.

"Shemeji, tafadhali."

"Mwenye mbegu anajua. Ni nani mwenye mbegu?"

Mdogo wangu alinikazia macho, akatikisa kichwa polepole, kama utotoni nilipotaka kumsemea kwa mama. Nilimwona. Sikujali.

"Ni yeye," shemeji akasema, utadhani kakwamwa na mfupa.

"Wa nyuma hawajasikia."

"Ni yeye! Mbegu ni yake, yote ni yake!"

Ndipo nikatoa trei yangu. Miche midogo, imekonda, haina sura. Nikailaza kwenye jeli mpya, tukangoja tena, safari hii hakuna aliyetaka chai. Njano ikaanza kwenye ncha za mizizi, ikasambaa. Yule mama akajipiga paja.

"Sasa ile ya kwanza ilikuwa na nini?"

"Ilishiba. Mmea ulioshiba hautemi asidi, ya nini?"

"Nani aliishibisha?"

Ningeweza kusema mapipa yalichanganywa, tukatoka pale sote na heshima kidogo.

"Mimi," nikasema. "Kwa makusudi. Na yeye akaja akaisifia."

Mdogo wangu akachukua mkoba wake, akasimama mbele yangu pale mlangoni. "Umefurahi?"

"Sana," nikamjibu, na sikudanganya.

"Basi kaa na maharage yako. Mimi dada sina."

Maharage yametoka kwa jina langu, kwa herufi kubwa. Simu zangu mdogo wangu hapokei mpaka leo, na radhi sijamwomba.