Mbwa wa Émile

Émile Kyungu alikufa Jumanne asubuhi, kati ya mabehewa mawili, katika gare ya Kamina, stesheni ya treni. Alikuwa na miaka ishirini na saba. Kazi yake ilikuwa kuunganisha mabehewa: anaingia katikati, anakaza mnyororo, anatoka, anainua mkono. Akishainua mkono, mwenzake Wenceslas Kabongo, anayesimama kando ya reli, anampungia dereva bendera, na mashine inasukuma. Walifanya kazi hiyo pamoja miaka mitano.

Siku ile bendera ilipungwa Émile angali ndani.

Watu wa ofisi walikuja, wakauliza, wakaandika. Wenceslas alisema kwamba Émile aliinua mkono, kisha akarudi katikati bila kumwambia mtu. Dereva hakuwa ameona kitu kwa ajili ya moshi. Basi ikaandikwa kwamba marehemu alikufa kwa uzembe wake mwenyewe. Mama yake, Tamar, aliyekaa Kinkondja kwenye ziwa la Kisale, alipata habari baada ya siku tisa, mwanawe amekwisha kuzikwa.

Kitu alichoacha Émile pale gare kilikuwa mbwa. Alikuwa jike, mweusi, mbavu nje, aliyekaa chini ya behewa bovu nyuma ya lundo la makaa. Hakuna aliyejua alikotoka. Émile alikuwa akimgawia bukari yake, yaani ugali, kila mchana na kumwita Makala, maana yake makaa, na mbwa hakukubali kula kwa mtu mwingine. Asubuhi ile ya msiba alikuwa amelala hatua kumi kutoka pale, akaona yote. Tangu hapo hakutoka tena chini ya behewa. Mabehewa yakigongana alilia kama aliyechomwa moto, na mtu akisogea alijikunyata nyuma ya gurudumu akajikojolea.

Halafu likaja tangazo: mbwa wote wasio na mwenyewe watapigwa risasi Jumamosi, kwa ajili ya ugonjwa wa kichaa. Wenceslas alilisikia akiwa na bendera mkononi. Jioni ile na ya pili yake alilala kifudifudi kwenye vumbi la makaa na kichwa cha samaki kiganjani, akiita kwa sauti ndogo. Mbwa hakuja. Ijumaa alitambaa mpaka ndani kabisa, akamfunika gunia, akambeba. Makala hakumuuma. Alitetemeka tu njia nzima, na Wenceslas alitamani angemuuma.

Mke wake, Ndaya, alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, mbele ya nyumba yao katika kambi ya watu wa reli.

"Unabeba nini, Baba Ngoie?" aliuliza, akimwita mumewe kwa jina la mtoto wao.

"Imbwa ya Émile."

Ndaya aliweka mchi chini. Aliondoa kuni zake kwenye pembe ya jiko, akatandika kitambaa kikuukuu.

Mwanza, mchuuzi aliyeleta samaki wakavu kutoka ziwani, alipopita Kamina, Wenceslas alimtuma: amuulize Mama Tamar kama anamtaka mbwa ambaye mwanawe alikuwa akimlisha. Baada ya wiki nne Mwanza alirudi na jibu.

"Mama anasema anaitaka. Lakini kama ingali inaogopa, usiilete. Anasema mu nyumba yake kwiko kilio kimoja na kinatosha. Uichunge weye kwanza. Siku itakula mu mukono ya muntu na kupanda treni bila kulia, njo utaileta."

Hivyo Wenceslas akaanza kazi asiyoijua. Alijaribu maneno matamu, alijaribu nyama. Makala alijibana ukutani, macho meupe, na chakula alikula watu wakishaondoka. Wiki tatu zilipita hivyo. Siku moja Ndaya, aliyekuwa akiwatazama tu, alisema:

"Haiogope weye. Inaogopa bilato."

Kweli, vilikuwa viatu. Kila alipoingia na viatu vyake vya kazi, vile vizito vyenye chuma, mbwa alianza kutetemeka kabla hata ya kumwona. Kuanzia siku ile Wenceslas alivua viatu barabarani, akaingia kwake bila viatu kama mgeni msikitini, majirani wakimcheka. Tena aliacha kumtazama. Alikaa kwenye kigoda, mgongo kwa mbwa, akala bukari yake polepole, mkono mmoja ukiwa nyuma na tonge ndani.

Tonge lilikauka mkononi siku nyingi. Halafu, mchana mmoja wa mvua, alisikia pumzi ya moto kwenye vidole, na ulimi. Hakugeuka. Makala alikula, akalamba kiganja, akabaki hapo akiwa amegusisha pua kwenye kiwiko chake. Ndaya alipoingia alimkuta mumewe machozi yanamtiririka mpaka kwenye sahani.

"Imbwa tu, Baba Ngoie," alisema, akicheka kidogo. Kisha aliuona uso wake vizuri, akaacha kucheka.

Baada ya hapo Makala alibadilika kama mgonjwa aliyetoka homa. Alinenepa. Alimfuata Ndaya kisimani, akalala mlangoni, akajifunza kubweka, sauti yenyewe ikimshtua mwanzoni. Kila Jumapili baada ya misa Wenceslas alimchukua kuelekea reli. Jumapili ya kwanza waliishia kwenye miti ya mikaratusi, filimbi ya treni ikasikika na mbwa akakimbilia nyumbani. Hawakulazimishana. Jumapili iliyofuata walifika mbali kidogo zaidi. Miezi ilienda. Ikafika siku Makala alisimama kando ya behewa tupu, akalinusa, akaruka ndani, akakaa akimtazama Wenceslas kama anayemuuliza, wewe huingii?

Makala alikuwa tayari, na Wenceslas hakumpeleka.

Mwanza alipopita, Wenceslas alimwambia bado. Alipopita tena alimwambia mbwa ana kidonda mguuni. Mara ya tatu Mwanza alisimama mlangoni, Makala akimnusa mikono na kutikisa mkia, akasema, "Mama Tamar anauliza, imbwa bado?"

"Bado kidogo," Wenceslas alijibu.

Mwanza alipoondoka Ndaya alikaa mbele ya mumewe.

"Ile imbwa ilipona zamani. Weye njo uko na woga. Unaogopa nini ku Kinkondja?"

Makala alilaza kichwa kwenye mguu wa Wenceslas.

"Émile hakuinua mukono," alisema. "Minyi sikuangalia. Kulikuwa mama mumoja anauzisha karanga, minyi nilikuwa nacheka naye. Nilisikia munyororo, nikasema amemaliza. Nikapunga."

"Na ile batu ba ofisi baliandika?"

"Minyi njo nilibaambia."

Ndaya alijifunika kinywa kwa kitenge. Alikuwa amepika chakula cha matanga ya Émile kwa mikono yake. Mwishowe alisema, "Uende. Mama ya muntu asikie mu kinywa yako. Na imbwa yake umupe."

Waliondoka kwa treni ya Bukama. Katika behewa la watu Makala alilala chini ya benchi, kati ya miguu ya Wenceslas, na kila mabehewa yalipogongana mwili wake ulishtuka. Hakulia. Wenceslas aliweka mkono shingoni mwake njia nzima mpaka ukafa ganzi. Bukama walipanda mashua, wakashuka na Lualaba kati ya mafunjo, siku mbili, mpaka Kinkondja.

Nyumba ya Mama Tamar ilikuwa karibu na vichanja vya kukaushia samaki. Alikuwa mwanamke mrefu, nywele fupi za matanga ambazo hakuziacha ziote. Alimpokea Wenceslas kwa mikono miwili, kama rafiki wa mwanawe.

"Karibu, mutoto yangu. Njo hii imbwa ya Émile?"

Hakumwita mbwa. Alikaa tu chini, mkono wake wenye harufu ya samaki ukiwa wazi pajani. Makala alimzunguka mara mbili, akanusa kitenge, akalamba kile kiganja. Mama Tamar alifumba macho.

"Alikuwa anakula hivi ku mukono ya Émile?"

"Hivi hivi, mama."

Ndipo Wenceslas alipopiga magoti, akamwambia. Alimwambia habari za karanga, za kicheko, za bendera, na za maneno aliyowapa watu wa ofisi. Alisema yote bila kupumzika, akitazama mchanga. Alipomaliza, palikuwa na sauti za watu wanaoparua samaki upande wa pili wa vichanja.

"Kwa hiyo mutoto yangu hakuwa muzembe," Mama Tamar alisema.

"Hapana, mama."

"Mwaka muzima nilimukasirikia." Sauti yake haikupanda. "Kila asubuhi. Nilikuwa namusemesha, Émile, nilikufundisha namna gani? Mbona ulirudia mule? Nilimutukana, weye Kabongo. Nilimutukana mutoto yangu marehemu, na kaburi yake sijaiona."

Wenceslas alianza kuomba radhi. Mwanamke aliinua mkono kumzuia.

"Imbwa nitabaki nayo. Weye, mashua ingali ku bandari, urudie. Na ukifika kule, uende ku ofisi, useme vile umesema hapa. Baandike upya jina ya mutoto yangu."

Alichukua kamba ya gome akamfunga Makala kwenye nguzo. Mbwa hakupinga. Alikaa, masikio wima, akimtazama Wenceslas anavyosimama, akingojea aitwe. Wenceslas hakumwita wala hakumgusa, maana hakujua kama bado ana ruhusa. Alipokuwa njiani kwenda bandarini Makala alianza kubweka, ile sauti aliyojifunza kambini. Aliisikia mpaka mashua ilipoacha ufuko.

Kamina alienda ofisini Jumatatu. Mtu wa meza alimsikiliza, akatafuta karatasi, akasema jambo lile limekwisha fungwa. Wenceslas alirudi siku iliyofuata, na iliyofuata. Siku ya nne waliandika maneno mawili matatu pembezoni mwa karatasi ile, kwamba kosa halikuwa la marehemu, wakamnyang'anya bendera. Tangu hapo alikata nyasi kando ya reli kwa kwanja, peke yake, maili kwa maili, katika jua. Wenzake waliacha kumsalimu. Ndaya alipeleka nakala ya maneno yale kwa mkono wa Mwanza, akiwa ameifunga ndani ya kitambaa safi.

Kiangazi kilipoingia Mwanza alikuja na mizigo yake. Wenceslas alimkaribisha, akamwekea maji, akangoja ashushe pumzi.

"Karatasi ulimupa?"

"Nilimupa. Padiri alimusomea. Mama alisema asome tena."

"Na Makala?"

"Iko mu mutumbwi naye kila siku. Inakaa kule mbele, sawa vile baba ya mutumbwi. Ilinenepa."

Wenceslas alitabasamu. Alizungusha kikombe mikononi.

"Aliuliza juu yangu?"

Mwanza alitazama pembeni, kwenye jiko la Ndaya ambamo kuni zilikuwa zimerudishwa mahali pake.

"Hapana, baba," alisema. "Hakuuliza."

Alikunywa maji yake, akashukuru, akajitwisha kapu la samaki na kwenda sokoni.