Chumba cha Kuulizana

Nikipita mtaa wa Kampemba siku hizi, nautamani ule ua wa kwetu wa zamani. Baba yangu, Faustin, alikuwa akirudi kutoka kazini kwenye reli na gazeti moja kwapani. Pale uani alitusomea Kifaransa chake polepole. Jirani yetu Mbuyi, mtu wa Kasai, akafafanua maneno magumu. Mama akauliza yale ambayo hawakuyafikiria. Mwishowe sote tulielewa.

Nilikua, nikawa mkutubi, nikasahau. Mwaka juzi nilianza utafiti wa digrii yangu ya ukutubi: wasomaji wanatafutaje habari? Nilikaa pembeni katika maktaba yetu nikiwatazama, kila mtu kimya na kitabu chake.

Siku moja waliingia wanawake wawili kutoka Ruashi, Mado na Chilufya. Kila mmoja alikuwa na mtoto mwenye drepano, ule ugonjwa wa damu unaotesa mifupa. Nikawapa kitabu. Wakaanza kunong'ona, sauti zikapanda, na mkuu wetu, Papa Laurent, akawatoa nje. Nikachukua kitabu, nikawafuata.

Tuliketi kwenye ngazi. Chilufya alisoma Kifaransa, akakigeuza Kiswahili.

"Banasema baridi inaleta maumivu."

"Njo ile!" Mado akakubali, akashika kichwa. "Mwezi wa sita wote mutoto alilia. Mie nilifikiri ni bulozi, banamuroga. Soma tena, dada. Na homa?"

"Homa ikikuja, hospitali mara moja."

Ndani ya Mado nilimwona mama uani kwetu, akiuliza.

Nikabadili utafiti wangu. Nilisoma walichoandika wengine kuhusu watu wanaotafuta habari pamoja, kisha nikawahoji wasomaji wetu. Wengi walikuja kwa ajili ya mgonjwa au jirani, na walimalizia kutafuta nje, kwa mazungumzo. Nikayaandika hayo, nikampelekea Papa Laurent.

"Clotilde, biblioteki haiko soko," alisema.

"Ni kweli, papa. Lakini wanatafuta pamoja. Tukiwanyamazisha, tunawafungia kitabu."

Alisoma kurasa zangu mchana kutwa. Kesho yake nilimkuta amekunja mikono ya shati, anatoa magazeti ya zamani katika chumba cha nyuma. Tukaweka humo meza na viti, na ruhusa ya kusema.

Mado na Chilufya wakarudi na akina mama wengine. Baridi iliyofuata, mtoto wa Mado alipata homa. Mado hakungoja, alimkimbiza hospitali. Baada ya juma moja alikuja kuniambia, akiniita shangazi kwa Kifaransa, machozi na kicheko pamoja:

"Tantine, amerudi ku masomo. Na amekataa kuvaa sweta!"