Mkanda wa Kiunoni

Ninauza mabegi ya mitumba ya kupandia mlima hapa Naro Moru, na wateja wa kuchezea zipu hunikera sana. Kwa hivyo Mama Ngendo alipogeuza begi jingine tena, nilianza kufura. Alikuwa amemleta bintiye Anita, aliyepata kazi ya kubeba mizigo ya wageni mlimani.

"Uzito inakaa wapi?" akauliza mwishowe.

"Kiunoni, mama. Hii mkanda pana ndio inabeba."

Hakuniamini. Akaazima viazi kwa jirani yangu muuza mboga, akalijaza begi, akamvisha Anita na kumfunga mkanda. Kisha akampapasa paji la uso.

"Hapa husikii kitu?"

"Sisikii, mama."

Akacheka mpaka machozi yakamtoka, akavua kitambaa cha kichwa ajipanguse. Ukanda wa ngozi, ule ambao mama zetu huupitisha kwenye paji wakibeba kuni mgongoni, ulikuwa umemchimba mtaro ambao kidole changu kingelala ndani.

Nyuma yake mawingu yalikuwa yamefunguka, mlima wote uko wazi. Sikuutazama.