Samaki Mwekundu wa Mjukuu Wangu

Mjukuu wangu wa kike alipokwenda shule aliniomba jambo moja: "Babu, tangi la samaki usiliguse. Nitalisafisha mwenyewe jioni."

Mimi, niliyesoma sayansi shule ya usiku nikiwa baba wa watoto watatu, niliona nimedharauliwa. Nikatumbukiza mpira wa maji kwenye tangi, nikavuta kwa mdomo, maji yakaanza kushuka ndooni. Nikaketi na gazeti langu, nikajisifu.

Niliposhtuka usingizini, ndoo ilikuwa imefurika na zulia limelowa chapachapa. Tangini yalibaki maji ya kina cha kidole. Nilijaza ya bomba harakaharaka. Samaki wawili wakaogelea, lakini yule mwekundu hakuinuka tena.

Jioni mtoto alisimama mbele ya tangi akilia. "Ni mimi, Babu. Jana nilimzidishia chakula."

Ningeweza kumwacha aamini hivyo; nilikoroga chai yangu mpaka ikapoa. Kisha nikampeleka uani nilikoanika zulia, nikamweleza yote.

"Kwani mwalimu wako wa usiku hakukwambia uangalie ndoo?"

"Aliniambia, mama. Nilisinzia."

Hakucheka. Alishika upande mmoja wa zulia, akanisubiri nishike wa pili tulikamue.