Kona ya Presi

"Mke wangu, leo umechanganya nini humo? Mbona panatoka harufu hivi?"

Mama Povu hakuinua kichwa. Huyo alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, na alimwita mke wangu tangu siku ya harusi, kiwandani walishazoea. Alikuwa ameinamia pipa akitazama dawa mbili zikikutana, moja nyeusi, nyingine ya rangi ya mafuta ya kupikia. Zikishachanganyika hazimngoji mtu. Zinachemka, zinaumuka, na hujamaliza kupangusa jasho zimekuwa povu gumu kama mti. Povu hilo ndilo lililojazwa ndani ya milango yao, milango minene ya vyumba vya baridi, bati huku na bati huku, ambayo wenye maghala ya nyama walinunua ili joto lisipenye. Kiwandani kwenyewe joto lilipenya lilivyotaka.

"Nanuka mimi au povu?"

"Wewe nimekuzoea."

Wenzao wakacheka. Msimamizi hakucheka. Walimwita Haraka, maana ndilo neno aliloamka nalo na kulala nalo. Leo alizidi. Umeme ulikatika tangu alfajiri, ukarudi jua limeshapanda, na lori la mteja lilikuwa langoni likingoja mlango wa mwisho.

Presi yenyewe, mashine ya kukandamizia milango, ilikuwa kuukuu. Bamba la juu lilishushwa na mota, na likishafika chini makomeo ya pembeni yalijifunga yenyewe. Komeo la kona moja lilikuwa limevunjika zamani. Waliomba lingine mpaka wakachoka kuomba, wakabuni njia yao: Shemeji aliibana fremu kwenye ile kona kwa kipande cha ubao, bamba likikaribia anachomoa mkono na kusema "tayari", ndipo Haraka anabonyeza kitufe lishuke lote. Ulikuwa upuuzi, na kila mmoja alijua kuwa ni upuuzi, ila mtu huzoea hata upuuzi akiufanya kila siku.

Mama Povu akamwaga. Bati la juu likalazwa. Bamba likashuka, likasimama juu kidogo ya fremu, na Shemeji akaingiza ubao.

Simu ya Haraka ikaita. Alikuwa tajiri, mwenye kiwanda.

"Ndiyo, bosi, mlango unatoka sasa hivi," alisema, na hapo hapo akabonyeza.

Hakuna aliyekuwa amesema tayari.

Shemeji alipiga ukelele mmoja mrefu. Bamba lilikuwa limeukalia mkono wake, vidole vyote mpaka kwenye kifundo, na damu ikaanza kuteremka kwenye bati jeupe.

Haraka alikuwa ameshachomoa ufunguo wa presi, ambao bila huo bamba halipandi. Hiyo nayo ilikuwa amri ya tajiri: povu likianza kuumuka, ufunguo unatoka, asije mtu akafungua mapema akaharibu mlango. Ufunguo aliuchomoa kwa mazoea tu. Lakini baadaye alisimama akitazama ule mkono, kisha lori langoni, kisha mkono tena, na hayo hayakuwa mazoea.

"Likishaganda tunafungua," alisema. "Avumilie. Ameshaumia, tutafanyaje?"

"Nipe ufunguo," alisema Mama Povu.

"Mama, nimeshasema."

Mama Povu alimrukia. Akaudaka ule mkono wenye ufunguo akaung'ata mpaka akaonja damu. Haraka akamtandika kofi, kisha ngumi. Mdomo ukapasuka, akaanguka kati ya mapipa. Alipoinuka, mmoja wa wenzao, mchomeleaji, alimkumbatia kwa nyuma.

"Tulia, dada. Utatufukuzisha kazi wote."

"Mkono wa mtu unasagika, wewe."

"Nauona." Mchomeleaji alikuwa analia, lakini hakumwachia.

Shemeji alikuwa amelegea, kichwa kimelalia bati, macho yamefumba. Povu la moto lilikuwa linatokeza kwenye kona, likipita juu ya kifundo chake. Mama Povu alimpiga mchomeleaji kiwiko cha tumbo, akajinasua, akanyakua nyundo kubwa ya kunyooshea fremu. Haraka alijaribu kumzibia njia, mpini ukampata mbavuni, akajikunja chini. Komeo la kwanza liliruka kwa pigo moja. La pili likagoma. Akalipiga, akalipiga tena, huku akitoa matusi ambayo hata mumewe hakujua kama anayajua. Lilipokatika, povu lenyewe likalisukuma bamba juu, mlango ukapasuka ubavu, na Shemeji akaanguka chali. Mkono ulitoka naye. Vidole viwili bado vilikuwa vinacheza, vingine havikutazamika.

Alimfunga kwa kitambaa cha kichwa. Alikuwa bado anakaza fundo mlinzi alipomshika nywele na kumbamiza ukutani.

Tajiri aliingia na gari lake mpaka ndani. Kwanza aliutazama mlango uliopasuka. Kisha akamtazama mtu aliyelala sakafuni. Hakufoka.

"Gari hilo hapo, litampeleka hospitali sasa hivi," alimwambia Mama Povu, akainua simu yake kumrekodi. "Wewe ni ndugu yake. Sema tu kwamba alikuwa anacheza, akaweka mkono bila kuambiwa."

"Haikuwa hivyo."

"Basi mtafutieni gari lingine."

Dereva wa lori alikuwa amepandisha vioo. Hakukuwa na gari lingine. Damu ilikuwa imeshalowesha kitambaa chote.

"Alikuwa anacheza," alisema Mama Povu.

"Sauti. Hujasikika."

"Alikuwa anacheza. Aliweka mkono bila kuambiwa. Ni uzembe wake."

Alimchukia tajiri, na alijichukia zaidi kwa jinsi maneno yalivyotoka yamenyooka, kila mtu akasikia, Haraka naye akasikia.

Tajiri akaielekeza simu sakafuni. "Na wewe?"

Shemeji akafumbua macho. Midomo yake ilikuwa imepauka.

"Kweli, bosi," alisema. "Naomba unisamehe kwa huo mlango."

Tajiri akazima simu, akamwambia dereva wake atandike nailoni kwenye kiti kwanza.